Kesho Sitakusemea

Iko siku moja, Divine mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa kwenye foleni ya magari. Ni siku niliyosimama mbele ya darasa la chuo nimevaa suti yangu ya harusi, nikaongea mpaka saa ya mwalimu ikalia, nikarudi kukaa bila kusema hata jina langu. Kaa hapo nikuhadithie. Sogeza kiti kivulini, hili jua la Agosti la Texas halina adabu. Mama yako na mke wangu wako jikoni na chakula cha kesho, hawatuhitaji, na mimi nina neno nawe kabla watu hawajajaa hapa uani.

Wewe unanijua kama baba yako mkubwa, kaka yake Leonidas. Lakini Warundi wa Mesquite, wa Irving, mpaka wale wa Fort Worth, wananijua kama msemaji. Kijana akitaka kuoa, wananiita. Mtoto akibatizwa, wananiita. Pakitokea msiba, padre hajafika bado na simu yangu imeshalia. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wetu Gaspari kule kambi ya wakimbizi Kigoma, na mjomba alikuwa mkali. Aliniambia msemaji akisimama amebeba ukoo mzima mdomoni, kwa hiyo ya kwake ayaache nje ya mlango na viatu vyake. Anachotaka yeye hakimhusu mtu. Anasema kilichomtuma.

Na nilikuwa mzuri, mwanangu. Sitajifanya mnyenyekevu, mnyenyekevu ni baba yako. Nimeshaposa kwa watu waliotupokea wamenuna kama tumekuja kudai kodi, tukaondoka wametupa binti na soda za njiani. Unajua sisi hapa mahari tunayataja kama ng'ombe, ingawa hakuna mwenye zizi. Basi ng'ombe niliowatoa kwa maneno, wangekuwa wa kweli, wangemaliza nyasi za kaunti hii yote.

Mwaka 2017 ndipo nilipoingia chuo. Usinicheke nikikwambia huo ndio ujana wangu. Mvi zilikuwa zimeshaanza, najua, lakini ule ujana wa kwanza niliumalizia kwenye foleni: foleni ya mahindi, foleni ya maji, foleni ya karatasi za kuja huku. Muda wa kujiuliza mimi ni nani sikuupata. Nilipofika Mesquite nikaingia ghalani, nikapewa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, nikabeba maboksi ya watu usiku, mchana nikalala. Watoto wakakua, na mimi nikawa mzee wa jumuiya kabla ya kuwa kijana.

Kilichonipeleka chuo ni mkutano. Jumapili moja baada ya misa jumuiya ilikaa ikaona hatuna mtu mzima aliyesoma hapa Amerika, na wote wakageuza macho kwangu. Gervasi aende. Mke wangu akafurahi, akasema nikisoma nitakuwa bosi pale ghalani. Padre akasema nitakuwa mfano kwa vijana. Mzee Fabiano, ndiye mkubwa wetu sote, akasema nitaipa jumuiya heshima. Mimi nikasimama, nikashukuru kwa maneno marefu, nikakubali yote. Nilikwenda chuo kama ninavyokwenda kuposa, nimetumwa.

Sasa pale chuoni kulikuwa na somo la kuzungumza mbele za watu. Kila mwanafunzi lazima alipite, usipolipita cheti husikii hata harufu yake. Wenzangu, watoto wa rika lako, walikuwa wanatetemeka. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Yaani nije Amerika nifundishwe kuongea? Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi: simama dakika tano, utuambie wewe ni nani na umekuja kutafuta nini hapa. Nikapiga pasi suti.

Nikaanza kama mjomba alivyonifunza. Nikamsalimu mwalimu, mama mmoja mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Nikaisalimu nyumba yake, nikawasalimu waliomlea akafika kiwango cha kutufundisha. Nikawasalimu wanafunzi kwa safu, wa dirishani na wa mlangoni, na yule aliyekuwa amelala nyuma nikamsalimu pia, maana hata kwenye posa huwa yupo. Nikawashukuru waliotoka mbali. Nikawaombea radhi waliochelewa. Nikashukuru kwa mvua iliyonyesha wiki ile. Halafu nikaomba ruhusa ya kusema. Kimya. Nawe unajua kwetu ruhusa isipojibiwa unaiomba tena kwa maneno mazuri zaidi, basi nikaiomba tena. Kimya. Nikaiomba mara nyingine kwa kuinama kidogo, mpaka msichana mmoja akanihurumia akasema, "Okay." Ndipo nikaanza: tulikotoka, ukoo wetu, mjomba Gaspari, parokia, jumuiya iliyonituma.

Saa ikalia. Jina langu nilikuwa nimeliweka mwishoni, kama inavyotakiwa.

Walinipigia makofi, siwasingizii. Lakini darasa lilipoisha yule mama akaniita mezani kwake. Alisema polepole, kwa upole, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Gervasi, una sauti nzuri kuliko wengi niliowafundisha. Nimemjua mjomba wako. Nimelijua kanisa lako. Hata mvua nimeijua. Wewe tu ndiye sijakuona. Nani alikuwa anaongea pale mbele?"

"Sisi," nikamjibu.

"Ninyi mko wengi mno kwa kiti kimoja," akasema. "Wiki ijayo rudia. Usimsemee mtu yeyote. Niambie wewe unataka nini."

Weee! Damu ilinichemka. Nilitoka pale nikaingia ndani ya gari nikapiga usukani. Mimi, niliyewaozesha nusu ya vijana wa Mesquite, naambiwa sikuonekana? Nikasema huyu mama hajui heshima, kwao mtu anaanza na yeye mwenyewe kama mtoto anayelilia uji. Nikamsema vya kutosha, mwanangu, na hakuwepo. Nilipochoka kumsema nikaona, haya, swali lenyewe ni dogo, hebu nilijibu hapa hapa nilimalize. Gervasi unataka nini? Likaja jibu la mke wangu, nataka kuwa bosi. Likaja la padre. Likaja la Mzee Fabiano. Nikakaa pale na gari limewaka, nikisubiri la kwangu. Halikuja.

Hapo niliogopa. Nakwambia ukweli, nimeshavuka mpaka na baba yako mgongoni na sikuogopa vile. Mtu mzima, baba wa watoto, nimesema maelfu ya maneno katika maisha yangu, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anapepeta mchele. Nikamuuliza, "Mama, hivi mimi nataka nini?"

Hakuinua hata kichwa. "Unataka chai."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Ukirudi saa hizi huwa unataka chai."

Nikacheka kwa uchungu, nikaenda kwenye bomba nikajaza glasi ya maji. Nikaiweka puani kama kawaida yangu, ndipo nikanywa. Nilipogeuka alikuwa ameacha kupepeta, ananiangalia.

"Tangu nikujue unanusa maji," akasema. "Kambini ulinusa, hapa unanusa, hata ya chupa unayanusa. Sijawahi kukuuliza unatafuta nini mle."

Divine mwanangu, niliweka glasi mezani. Nikakaa chini palepale jikoni. Maana nilijua ninachokitafuta, nilikijua siku zote, ila hakuna mkutano uliowahi kunituma kukisema. Nilikuwa namtafuta Ezekieli.

Baba yako hakuwahi kukwambia habari za Ezekieli, na simlaumu. Alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Mtoto wa vurugu, mcheshi, akiiga sauti za watu wote pale kambini, hata ya mjomba. Msimu mmoja maji yalichafuka, na watoto wakaanza kuhara. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji ya nyumba yetu. Niliyanusa nikaona hayana kitu, maana nani alinifundisha kuyajua? Ezekieli aliumwa kidogo tu, akatuacha. Kwenye mazishi wakanisimamisha, msemaji kijana, nikaushukuru umma kwa niaba ya familia. Nilisema vizuri mno. Watu walinisifu. Na mimi, kaka yake, sikusema kitu.

Wiki iliyofuata nikarudi darasani bila suti. Mikono nikaiweka mfukoni. Nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani: naitwa Gervasi. Nilikuwa na mdogo wangu, maji yalimuua. Tangu nifike nchi hii nafungua bomba nakuta maji safi, na kila nikinywa najiuliza nani ameyasafisha, ameyajuaje, na kwa nini sisi hatukuwa na mtu huyo. Nataka kuwa mtu huyo. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta. Basi nikanyamaza, na machozi yakanitoka mbele ya watoto wa watu, na sikuona aibu.

Saa haikuwa imelia. Hata nusu ya muda sikuwa nimeifikia. Yule mama alivua miwani akaifuta, akasema, "Sasa nimekuona. Karibu chuoni." Kisha akanielekeza kwa mtu wa chuo anayeshughulika na masomo ya kusafisha maji ya miji, maana kumbe ni fani, watu wanaisomea, na mimi nilikuwa naipita mlangoni kila siku bila kujua.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Kemia ilinitoa jasho. Hesabu nilizoziacha kambini nilizikuta zinanisubiri na zimenenepa. Kuna siku nilitoka ghalani asubuhi nikasinzia maabara nimeshika chupa, wenzangu wakanipiga picha, na hiyo picha binti yangu anayo mpaka leo ananitishia nayo. Lakini sikuwa mtu yuleyule. Nilipoulizwa swali sikutafuta kwanza wengine wangetaka nijibu nini. Nilipotofautiana na mwalimu, nikamwambia. Nilipokosea, nikasema nimekosea mimi, wala sikusema kwetu ndivyo tunavyofanya. Nilianza kujijua nikiwa na mvi, mwanangu, na ni raha ambayo siwezi kukueleza. Nilikuwa kama mtu aliyelipia nyumba miaka mingi, akaja kugundua kuna chumba chenye dirisha hajawahi kukifungua.

Mwaka 2019 nikamaliza. Jumuiya ikanifanyia sherehe ukumbi wa parokia, na ulikuwepo, ulivaa gauni la njano ukagawa soda. Labda hukusikiliza, watoto hamsikilizi hotuba. Wewe unajua desturi: anayesherehekewa anakaa, anainamisha kichwa, anasemewa. Msemaji hawezi kujisemea, basi aliyeteuliwa kwa ajili yangu alikuwa Mzee Fabiano mwenyewe. Aliposhika kipaza sauti, nikasimama. Nikamwomba ruhusa. Mke wangu akanivuta koti. Mzee Fabiano aliniangalia, akaangalia kipaza sauti, akanipa.

Nikawasalimu wote kama inavyopasa, maana adabu sikuiacha chuoni. Halafu nikasema ya kwangu. Nikamtaja Ezekieli kwa jina. Nikasema nimesoma maji kwa sababu yake, na kwamba ghalani naondoka, naenda kufanya kazi kwenye mtambo wa maji wa jiji.

Nilimwona baba yako pale meza ya pili. Unamjua Leonidas, mtu wa maneno machache, anarudi kutoka kazi yake ya hoteli kule Irving anakula analala. Alisimama akanijia katikati ya watu, akanishika mabega. "Kaka," akasema, "miaka yote hii nilidhani ni mimi tu ninayemkumbuka." Tukalia pale wanaume wawili wazima, na ukumbi ukalia nasi.

Mzee Fabiano aliniita pembeni baadaye. Nikajua nagombezwa. Akasema, "Leo umeninyang'anya kazi mbele ya watu." Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono. "Ngoja. Unajua nilikuwa nimejiandaa kusema nini? Kwamba umesoma ili uwe bosi wa ghala. Ningekusemea vizuri sana, na ningekukosea kabisa."

Sasa tazama hapa. Hii glasi ya maji uliyoishika imepita mikononi mwangu na mwa wenzangu kabla haijakufikia. Nyumba zote hizi unazoziona, watoto wanakunywa na kukimbia kucheza, mama zao hawaulizi. Kila nikiingia zamu naona fahari mpaka kifua kinajaa. Nataka uijue hiyo fahari, maana hakuna aliyenipa, wala hakuna wa kuninyang'anya.

Haya, tuje kwako. Wiki iliyopita tulipopeleka vitu vyako Houston kwa shangazi yako, mtaa wa Alief, mimi nikiendesha, ukaniambia ghafla, "Baba mkubwa, mi sitaki nursing. Nataka kusoma kuchora majengo. But please, usimwambie Daddy." Mimi sikukujibu kitu, nikaongeza redio. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, nilikuwa nasikia sauti niliyoisubiri ndani ya gari langu mwenyewe mwaka ule wa 2017.

Na jana baba yako akaja kwangu. Amesema kesho watu watakaa hapa uani, viti vimetengana na barakoa usoni kwa sababu ya ugonjwa huu, na mimi nisimame nikusemee kama desturi ilivyo. Nimtangaze Divine, anakwenda Houston kusomea unesi.

Nimemwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema. Siri yako sikuitoa, ni mali yako.

Mjomba Gaspari hakukosea, uelewe hapo. Posa ni ya ukoo, na mwenye kuusemea ukoo lazima ajiweke pembeni. Hata kesho kutwa ukiposwa, nitakusemea mpaka hao wakwe wauze nyumba. Unesi nao ni kazi njema, mke wangu ananyanyua wagonjwa kila siku na namvulia kofia. Lakini chuoni hakai mtu kwa niaba ya mwingine. Wewe ndiye utakayeamka Alief asubuhi na kuwasha hiyo kompyuta yako. Wewe ndiye utakayekesha na kitabu ambacho hukukichagua, na kuulizwa na mwalimu umekuja kutafuta nini. Ukienda na jibu letu, utalisema vizuri, maana damu ya wasemaji unayo. Utapigiwa makofi. Na hakuna atakayekuona.

Kwa hiyo sikiliza nasaha yangu, ni hii moja. Usisubiri mvi. Waheshimu wazazi wako kwa kuwaonyesha mtu waliyemlea, usiwafiche. Chuo hakitakupa wewe mpya, kitakuuliza tu uliyenaye ni nani, na kitaendelea kukuuliza kwa masomo, kwa marafiki, kwa kushindwa, mpaka ujibu. Ukianza kujibu mapema, miaka hiyo yote itakuwa yako. Na baba yako usimwogope. Mimi nimemwona Leonidas akisikia neno la kweli. Anaweza kulisikia. Tatizo letu sote ni kwamba tunamtumia wasemaji.

Kesho wakiniita, nitabaki nimekaa. Watageuka kunitazama, mama yako atakohoa, na mimi nitakuwa nakutazama wewe. Salimu kwanza, usije ukaniaibisha. Shukuru. Omba ruhusa mara moja inatosha. Kisha useme.

Mungu aliyetuvusha mito na mipaka akuvushe na hii. Akupe sauti isiyotetemeka, na ikitetemeka, awape wanaokusikiliza subira ya kuingoja. Ezekieli akuombee huko aliko, angekupenda, nawe unaiga sauti za watu kama alivyofanya yeye. Ujenge nyumba za watu wengi, na siku moja unijengee na mimi yangu, nami nitakuja kunusa maji ya jikoni. Kiti changu kesho kitakuwa cha mbele, nimeshika glasi yako ya maji. Ukimaliza kusema, njoo uinywe.